Wiki Ambayo Kamdoti Haikuvua

Nilipostaafu mwezi uliopita mlinipa keki, saa ya ukutani na hotuba tatu. Katika zote tatu nilisifiwa kwamba sikuwahi kuharibu fomu hata moja. Nilikula keki nikanyamaza. Ninyi makarani wapya mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukiwahesabu wasio na kazi katika mji wa Homa Bay na upande wa Migori, nami nitaandika. Lakini mjue kwanza kwamba hotuba zile hazikuwa kweli. Niliharibu, tena bichi nzima ya wavuvi, na akina mama wa bichi hiyo walipoteza msimu mzima wa mvua kwa sababu yangu. Nitafika hapo.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ofisi yetu ni ya Wajaluo na Wakuria, na kwa sababu aliyenifundisha kazi, Madam Boke, hajui Kidholuo zaidi ya salamu na matusi mawili.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa koti la marehemu baba, nina cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha ya kaki. Madam Boke hakukitazama cheti. Alinipa ubao wa kuandikia, fomu, na penseli mbili, kisha akaichukua raba iliyokuwa nyuma ya penseli moja, akaing'oa kwa meno.

"Karani mwenye raba ni mwongo ambaye hajapata nafasi," alisema. "Ukikosea, piga mstari mmoja, andika upya kando, tia sahihi. Watu waone ulikosea wapi."

Tulitembea mpaka nje ya hospitali, alipokuwa mama mmoja akikaanga samaki. Nilimsalimu nikamwuliza, "Mama, una kazi?"

"Kazi nitoe wapi? Sina."

Nikaandika hana. Madam Boke alisoma juu ya bega langu. "Na hao samaki wanajikaanga?"

Yule mama alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Mimi niliona aibu, lakini somo lilinikaa. Kwa watu wa kwetu kazi ni meza, kiti na hati ya mshahara mwisho wa mwezi. Vilivyobaki vyote ni "kujisaidia tu". Ukimwuliza mtu kama ana kazi, utaurudisha mji mzima ofisini ukiwa hauna kazi, na wakati huo huo mji huo umekupikia, umekubeba kwa pikipiki na kukupigia pasi shati. Uliza hivi: tangu wiki iliyopita siku kama ya leo, ulifanya nini cha kukuletea chakula au pesa, hata kwa saa moja? Halafu tazama mikono. Huko kisiwani Mfangano nilimhoji mzee aliyeniapia kwamba amekaa tu, hana shughuli yoyote, na muda wote huo alikuwa akiziba tundu la wavu kwa sindano. Nilipomaliza maswali alikuwa amemaliza wavu wa mwenzake, na wa kwake ulikuwa unangoja.

Hilo ni swali la kwanza. Akijibu hapana, usikimbilie kumwandika. Kuna swali la pili: je, kuna kazi au biashara aliyoiacha kwa muda tu, ambayo atairudia? Mgonjwa, mama aliyejifungua, mwalimu wa likizo, wote hao wana kazi ingawa wiki hiyo hawakuigusa. Akisema hapana mara ya pili ndipo unamwuliza kama anatafuta. Madam Boke alikuwa akisema swali la kwanza ni la macho na la pili ni la subira. Wakati ule nililiona neno zuri la kuandika kwenye daftari.

Nikaanza kuuzunguka mji kila msimu, na baada ya miaka michache nikaweza kukisia mstari wa chati utakavyopinda kabla hatujauchora. Ziwa likifungwa ili omena, wale dagaa wetu, wazaane, mstari unapanda, likifunguliwa, unashuka. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, unapanda kidogo na kukaa huko huko. Upande wa Migori ulifuata mashamba, na mashamba yalipoachana na tumbaku nilidhani utapanda usishuke tena. Ulishuka, kwa sababu watu walipanda mahindi na mboga, na wengine wakaenda kuchimba dhahabu. Ugatuzi ulipokuja, Homa Bay ikawa makao ya kaunti, na asubuhi nje ya ofisi ungekuta foleni ya vijana wenye bahasha kama ile yangu. Niliwahoji wengi. Waliokuwa wakingoja ajira ya kaunti peke yake walikaa sana. Waliokuwa wakingoja huku wamekodi pikipiki, au wananyoa watu kibandani, walisahau siku moja kwenda kuuliza. Wengi wa hao wa pili leo wana watu waliowaajiri. Sisemi hivyo ili kuwalaumu wa kwanza. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa kama hao wa kwanza.

Kisiwa cha Remba kilinitoa jasho kuliko mahali popote. Nilibisha hodi kwenye chumba cha mabati nikauliza, "Nyumba hii inalala watu wangapi?"

"Mchana au usiku?" kijana akaniuliza.

Vitanda havikupoa pale. Waliovua walilala jua likiwaka, waliouza walilala giza likiingia, na kila mmoja aliniambia nyumbani kwake si pale. Nilimpigia simu Madam Boke nikiwa kwenye boti ya abiria, spika ikiwa wazi. Akasema, "Mhesabu mtu mahali alipotoa jasho. Kitanda si kazi, Okeyo." Aliponena hivyo jirani yangu kwenye boti akasema inategemea ni kitanda cha nani, na abiria wote wakacheka. Sikuiandika hiyo kwenye ripoti.

Baadaye vilikuja vishikwambi badala ya penseli. Niliyapenda mambo mawili ndani yake: hakuna fomu ya kuloa, na huwezi kuruka swali. Ukijaribu, kinakataa kusonga mbele. Nikawa ndiye ninayewafundisha wengine kuvitumia, na nikaanza kuamini zile sifa ambazo zingekuja kusomwa kwenye keki.

Ndipo kaunti ikatuomba tuhesabu ajira katika mji na bichi zake zote. Walitaka kujenga mabanda ya kukaushia omena. Ninyi mliokulia ziwani mnajua, lakini kwa wenzenu wa Kehancha nieleze: omena huanikwa juu ya nyavu kuukuu, mchangani. Jua likiwaka, kufikia alasiri wamekauka na ni chakula cha watu. Mvua ikinyesha wakiwa chini, wanageuka rangi, wananuka, na mnunuzi pekee anayebaki ni yule wa chakula cha kuku. Banda lenye paa la nailoni angavu na vichanja vya waya huondoa wasiwasi huo wote. Mabanda hayakutosha bichi zote, kwa hiyo yangeanzia pale penye shughuli nyingi za uvuvi.

Nilipewa Kamdoti. Nilifika Jumatatu nikakuta boti zote zimevutwa juu mchangani, zimefudikizwa. Hakuna wavu uliotandazwa. Wanaume walikaa makundi makundi wakitazama majini, na akina mama walikaa chini, kimya. Mwenyekiti wa bichi alinijia akaniambia kwamba siku nane zilizopita ziwa lilimshika kijana wao mmoja na bado halijamrudisha.

Kwetu, ziwa likimshika mtu, boti haziingii kuvua mpaka apatikane na azikwe. Zinaingia za kumtafuta tu. Na hakuna anayeuliza tutarudi lini. Ukiuliza bichi iliyofiwa itarudi lini kazini, ni kama unamsukuma maiti atoke njiani. Nilijua hilo tangu utotoni, na niliona fahari kulijua. Nilivua kofia. Niliwapa pole. Nikawaomba tu majina na lile swali la kwanza, na mwenyekiti akawajibia wote: "Hapa hakuna aliyefanya kazi siku hizi nane. Andika hivyo."

Swali la pili sikulitoa mdomoni. Hadi hapo sikuwa nimekosa. Nilichokifanya kilikuwa adabu. Kosa lilikuja baadaye, nilipokaa katika chumba cha kulala wageni na kishikwambi kikakataa kusonga. Kwa kila jina kilinidai jibu: je, ana kazi atakayoirudia? Ningeweza kufunga na kurudi baada ya mazishi. Ningeweza kumpigia Madam Boke na kuomba siku kumi. Lakini fomu zilitakiwa Ijumaa, na sijawahi kuchelewesha fomu. Nikabonyeza "Hapana". Nikabonyeza "Hapana" kwa kila jina la Kamdoti, nikajiambia sikuwasikia wakisema ndiyo, kwa hiyo sikusema uongo.

Miezi michache baadaye tuliitwa kwenye mkutano, na afisa mmoja akasoma orodha ya bichi zitakazopata mabanda. Kamdoti haikuwamo. Mtu akauliza kwa nini, kwani Kamdoti ni bichi ya zamani.

"Uvuvi pale umekufa," afisa akajibu. "Takwimu zinaonyesha karibu wote hawana shughuli."

Chai ilikuwa mdomoni mwangu. Niliimeza. Nilijua saa ile ile takwimu hizo ni za nani, na sikusema kitu. Niliwaza kwamba nikifungua jambo hilo watakagua fomu zangu zote. Niliwaza kwamba kuna awamu ya pili ya mabanda, na Kamdoti watapata tu. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilinihusu mimi. Mvua za masika zikaja nikiwa bado nina sababu.

Siku moja nilikwenda sokoni Homa Bay kununua mboga. Kando ya soko kulikuwa na lori la mnunuzi wa chakula cha kuku kutoka Migori, na akina mama walikuwa wakimimina humo magunia ya omena. Harufu ilikufikia kabla hujawaona. Mmoja wao alinitazama, akapangusa mikono kwenye leso, akaniita.

"Jaduong', mzee wetu, wewe si yule karani?"

Alikuwa Auma, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Kamdoti, yule aliyekuwa amekaa mbele kabisa mchangani siku ile. Tulisalimiana. Nikamwuliza habari za biashara, kama mpumbavu.

"Biashara gani? Unaona kuku wa Migori wanavyokula vizuri," alisema. "Tangu mvua ianze hatujauza omena wa kuliwa na mtu. Wawili katika kikundi wamechoka wakaenda Remba. Tulisikia kuna mabanda, tukasema safari hii tumepona. Tukaambiwa sisi hatuna kazi." Alicheka kidogo. "Hatuna kazi, na mgongo unauma hivi?"

Nilisema pole.

"Lakini wewe nilikuheshimu," akaendelea. "Yule wa sensa ya mifugo alikuja wiki ile ile akatuuliza mbuzi. Mbuzi, na mtu yuko majini. Wewe ulivua kofia. Hukutusumbua na maswali."

Ninyi ni vijana, hamjawahi bado kusifiwa kwa kosa lenu na mtu liliyemuumiza. Sikununua mboga. Nilipanda gari la Migori, nikamkuta Madam Boke ofisini akila njugu, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama.

Aliacha kula. "Uliwauliza?"

"Sikuwauliza."

"Na ukajibu?"

"Nikajibu."

"Kwa nini hukungoja wazike?"

"Fomu zilikuwa za Ijumaa, Madam."

"Ijumaa iko kila wiki," alisema. "Mimi Mkuria ningeuliza swali hilo pale pale na wangenifukuza kwa mawe, na mawe hayo yangekuwa jibu. Wewe ulijua mila, ukaitumia kujificha." Akanisukumia karatasi. "Andika. Kwa mkono wako, si kwa mashine. Useme ulibonyeza wewe. Halafu kabla barua haijafika kaunti, nenda Kamdoti ukawaambie. Wasisikie kwa mtu mwingine."

Niliomba anisindikize. Alisema ana njugu za kumaliza.

Wakakusanyika chini ya paa la ofisi ya bichi, wanaume upande mmoja na akina mama upande mwingine. Nilisema Kidholuo, wima, bila kuzunguka. Niliwaeleza lile swali la pili ni lipi, na kwamba sikuliuliza, na kwamba nililijibu kwa niaba yao, na kwamba banda liliwapita kwa sababu hiyo.

Mwenyekiti wa bichi ndiye aliyesema kwanza. "Ngoja nielewe. Wewe ulitufuta kazi sisi wote?"

"Ndiyo."

"Hata mimi mwenyekiti?"

"Hata wewe."

"Huyu mwenyekiti amefutwa na bado anakula chai ya bichi," mama mmoja akasema nyuma, na watu wakacheka, na mimi nikakosea kudhani kicheko hicho ni msamaha. Kikaisha. Mvuvi mmoja akasimama akaniuliza kama nilidhani walikuwa wamekaa pale kupunga upepo. Mwingine akasema nirudishe msimu. Nilisema siwezi. Auma alikuwa ameinamisha kichwa, anachora mchangani kwa kidole cha mguu. Watu walipomaliza kunishambulia wakamgeukia.

"Ulivua kofia," alisema, akinitazama. "Mimi nikaenda kukusifu sokoni, mbele ya watu."

"Ndiyo, Auma."

"Sasa hilo swali. Liulize."

Nilisema barua haijafika, kwamba hesabu rasmi itafanywa na karani mwingine, na inafaa hivyo.

"Mwingine ataniuliza siku yake. Wewe niulize leo."

Kwa hiyo nikamwuliza mbele ya wote. Wiki ile, mama, ulikuwa na kazi uliyoiacha kwa muda tu, ambayo ungeirudia?

"Nilikuwa nayo," Auma akasema. "Tulimzika Alhamisi. Jumamosi kabla ya jogoo nilikuwa mchangani."

Mmoja baada ya mwingine wakajibu, bila kuulizwa tena. Nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo. Hata mwenyekiti.

Barua ilifika. Nilikaripiwa, fomu zangu zikakaguliwa kwa miezi mitatu, na karani mwingine akaihesabu Kamdoti upya. Kikundi cha Auma kikaingizwa katika awamu ya pili. Wale wawili waliokwenda Remba hawakupatikana siku ya kuhesabiwa. Kwa karatasi zetu hawakuwa watu wa Kamdoti tena. Msimu ule wa kwanza haukurudi. Ninawaambia hili kwa sababu mtasikia watu wakisema takwimu husahihishwa. Ndiyo, takwimu husahihishwa.

Tangu hapo nilibadilisha jambo moja tu katika ninavyofundisha. Ukifika mahali pamefiwa, funga kishikwambi, kaa na watu, kunywa chai yao, kisha urudi baada ya mazishi. Mkubwa wako akipiga kelele, mpe namba ya Madam Boke. Amestaafu, lakini bado anapokea.

Juzi, nikiwa mtu asiye na kazi wala asiyetafuta, kundi ambalo hatukuwahi kulipatia jina zuri, nilikwenda Kamdoti. Mvua kubwa ilikuwa inanyesha, na mchanga wa kuanikia ulikuwa mtupu. Banda lilikuwa limejaa. Ndani kulikuwa na joto kama la jikoni. Omena walikuwa wametandazwa kwenye vichanja tabaka tatu, weupe, na kwenye meza ya pembeni wasichana wawili waliomaliza chuo walikuwa wakiwapakia kwenye mifuko yenye jina la kikundi. Nje, waendesha pikipiki walijikinga chini ya ukingo wa paa wakingoja mizigo ya Rongo na Migori. Mmoja wao nilimkumbuka. Nilimhoji miaka ile kwenye foleni ya bahasha.

Auma alikuwa kwenye kichanja cha mwisho. Hakuacha kazi kunisalimu.

"Umekuja kuhesabu?"

"Nimestaafu."

"Aa." Aligeuza samaki kwa viganja viwili. "Mmoja wa wale wa Remba amepiga simu. Anauliza kama bado ana nafasi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia aje na leso ya kazi." Akasogea pembeni kunipa nafasi. "Yule mwingine bado. Shika upande huo, hawa wa chini wanashikana."

Nilikunja mikono ya shati, nikashika.